Uzi: Kadari ni ya nani, ya mfiwa au ya mwenye shimo?

#1 Mjomba wa Bondeni

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, na ndugu zetu wasio Waislamu mlio humu, hamjambo.

Juzi tumesoma arubaini ya mtoto wa dada yangu. Alikuwa na miaka sita, yuko Gredi ya Kwanza, na jino la mbele lilikuwa limemtoka wiki ileile. Dada na shemeji wanakaa Kaptembwa hapa Nakuru, ploti ya vyumba kumi na vinne, choo kiko nyuma kabisa. Ukienda chooni unapita kando ya shimo la majitaka. Lilikuwa limefunikwa kwa mbao tatu na kipande cha bati, na juu ya bati jiwe ili upepo usilipeperushe. Mvua kubwa zilipoanza, mbao zikalainika hata ukizibonyeza kidole kinazama. Wapangaji walilalamika. Dada mwenyewe alimpigia simu mwenye ploti mara mbili, na mara ya pili akaambiwa fundi atakuja mwisho wa mwezi.

Mtoto alitumwa karai lililoanikwa nyuma ya choo. Patipati yake moja ilibaki ukingoni mwa bati. Ndiyo iliyotuonyesha pa kutafuta.

Kuhusu siku hiyo sitaandika zaidi.

Kilichonileta ni siku ya tatu ya matanga. Tuko chini ya turubai, mikekani, tumemaliza kusoma Yasini na mikono iko juu kwa dua. Mwenye ploti akaingia, akavua viatu, akaketi ubavuni mwa shemeji. Alikuwa ametanguliza mchele na mafuta ya kupikia, na kwa hilo Mwenyezi Mungu amlipe. Akamwekea shemeji mkono begani, akasema, "Ni kadari, ndugu yangu. Siku yake ilishaandikwa. Hata tungefanyaje." Shemeji akaitikia, "Alhamdulillahi ala kulli hal," yaani Mungu ashukuriwe kwa kila hali.

Neno hilohilo lilikuwa limesemwa pale na watu wasiohesabika, na kila liliposemwa lilinipoza. Lilipotoka kinywani mwa yule bwana lilinichoma. Nikaona haya kwa kuchomwa, kwa sababu kuamini kadari, heri yake na shari yake, ni nguzo ya sita ya imani, na nikadhani imani yangu ndiyo inayoyumba. Matanga yalipoanuliwa nikataka twende tukazungumze naye kuhusu haki ya mtoto. Mzee mmoja wa upande wa shemeji, mtu ninayemheshimu sana, akatukataza. Akasema kudai ni kupingana na kadari, tumwachie Mungu. Tangu hapo familia ina pande mbili.

Mimi si sheikh. Nilisoma chuoni hapa Bondeni na jioni nasomesha watoto juzuu amma. Siku hizi zote nimekuwa nikisoma na kuuliza, na nataka niweke hapa nilipofikia ili mnisahihishe.

Nilianzia Yasini yenyewe, kwa kuwa ndiyo tuliyokuwa tukiisoma. Usiku ule baada ya watu kuondoka niliirudia peke yangu, polepole, nikasimama kwenye aya ya 47. Nimeisoma aya hiyo tangu utotoni na naapa sikuwahi kuisikia. Wanaambiwa: toeni katika alichokuruzukuni Mwenyezi Mungu. Waliokufuru wanajibu: je, tumlishe mtu ambaye Mungu angetaka angemlisha mwenyewe? Maneno yao, ukiyachukua yalivyo, si uongo. Mungu akitaka kumlisha mtu anamlisha. Lakini wameuchukua ukweli huo wakafanya pazia la kufichia mikono yao iliyofumba, na Qurani ikauhesabu msemo huo kuwa ni wa makafiri. Tunausoma katika kila msiba, tumezunguka jamaa za marehemu.

Kisha nikaenda Aal Imran, aya ya 165 na 166, na hapo ndipo nilipopata usingizi kidogo. Ni habari za vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria. Mtume (s.a.w.) aliwaweka wapiga mishale 50 kilimani, akawaambia wasibanduke hata wakiona ndege wanawanyakua wenzao. Maadui walipokimbia na ngawira kubaki wazi, wengi wao wakashuka. Wapanda farasi wa Makureshi wakazunguka nyuma. Waislamu 70 wakauawa, Hamza ami yake Mtume akiwa mmoja wao, na Mtume mwenyewe akajeruhiwa usoni na jino lake likavunjika. Wakauliza: msiba huu umetoka wapi? Aya ya 165 inajibu: sema, umetoka kwenu wenyewe. Aya inayofuata, hata pumzi hujaivuta: na yaliyowapata siku yalipokutana majeshi mawili yalikuwa kwa idhini ya Mwenyezi Mungu.

Zisomeni zote mbili pamoja. Tukio ni moja, maiti ni walewale 70. Idhini ya Mungu haikufuta "kwenu wenyewe", wala "kwenu wenyewe" haikupunguza enzi ya Mungu. Na msamaha ulikuwepo. Aya ya 155 inasema Mungu amewasamehe, lakini aya ya 152 ilikuwa imekwisha kulitaja kosa lao kwa jina lake: mlilegea, mkazozana, mkaasi. Walisamehewa watu waliojua wamesamehewa nini.

Iko pia hadithi ya Adam na Musa, katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim. Musa anamlaumu Adam kwa kututoa peponi, Adam anamjibu: unanilaumu kwa jambo ambalo Mungu aliniandikia kabla hajaniumba? Mtume akasema Adam alimshinda Musa kwa hoja. Mtu anaweza kudhani hapo kuna ruhusa ya kukosa na kusingizia kadari. Wanavyuoni wamelikataa hilo, na Ibn Taymiyya amelifafanua wazi kuliko wengi: Musa alilalamikia msiba, yaani kutoka peponi, na Adam akajibu juu ya msiba. Ama dhambi, Adam alikuwa ameshaitubia zamani kwa kusema "Mola wetu, tumezidhulumu nafsi zetu". Kanuni yao ni kwamba kadari ni hoja kwenye misiba, haiwi hoja kwenye makosa.

Kwa hiyo swali langu ni hili. Shemeji akisema "ni kadari", amesema haki na ana malipo yake. Mwenye shimo akisema "ni kadari", amesema nini?

#2 Hafsa wa Kibuye

Wa alaykum salaam warahmatullah kaka yangu. Innalillahi wa inna ilayhi rajiun. Nimesoma nikaweka simu chini, nikaenda kuwaangalia wangu walipolala. Mpe mama wa mtoto salamu kutoka Kisumu, mwambie tumemuombea baada ya Ishaa. Mtume (s.a.w.) amewahesabu mashahidi, na aliyezama ni mmoja wao, na aliyeangukiwa na jengo, na aliyekufa kwa tauni, na kwa maradhi ya tumbo. Mtoto hana dhambi hata ya kufutiwa, lakini mama ana haja ya kulisikia neno hilo.

Nina wasiwasi juu yake kuliko juu ya mwenye ploti. Umeandika kwamba mtoto "alitumwa". Aliyemtuma anaishi na neno hilo usiku na mchana. Na iko hadithi ya Muslim: likikupata jambo usiseme lau ningefanya hivi ingekuwa hivi, sema Mungu amekadiria na alitakalo amelifanya, kwa sababu "lau" inafungua kazi ya shetani. Je, hadithi hii haiufungi mlango unaotaka kuufungua? Nauliza kwa nia njema.

#3 Mjomba wa Bondeni

Dada Hafsa, umegusa penyewe. Kila usiku anasema, "Lau nisingemtuma karai." Kuna siku nilimkuta ameliosha karai lile mara tatu, analisugua kwa majivu, na lilikuwa safi tangu mara ya kwanza.

Yeye ndiye niliyemsomea Suratul Hadid, aya ya 22 na 23: hautokei msiba katika ardhi wala katika nafsi zenu ila umo katika Kitabu kabla hatujauumba. Na sababu imetolewa palepale, ili msisikitike kwa kilichowapotea. Aya imeeleza yenyewe kazi yake. Imeshushwa kuuondolea moyo mzigo usio wake. Mama kumtuma mwanawe karai hatua ishirini ndani ya uwanja anaoulipia kodi, hilo ni kosa gani? Hana la kujibu. Kwake "lau" ni kidonda ambacho shetani anakichokonoa.

Lakini hadithi uliyoitaja haianzi na "lau". Inaanza: jitahidi kwa lenye kukufaa, umtake Mungu msaada, wala usijiweke kuwa dhaifu. Ndipo inasema: likikupata jambo. Yaani aliyekwisha kufanya lililo juu yake ndiye anayeambiwa apumzike. Mwenye ploti swali lake lilikuja kabla ya msiba, kwa simu, mara mbili, mbao zikiwa zinaonekana kwa macho. Tukimuuliza leo tunamrudisha kwenye simu ileile.

#4 Mwanachuo Mumias

Poleni ndugu yangu katika imani. Nitasema kwa adabu, ila dini ni dalili. Umeleta aya za Uhud na hadithi ya Adam, sawa, lakini kuna hadithi iliyo karibu zaidi na shimo lenu, nayo umeipita. Bukhari na Muslim: "Albi'ru jubar", kisima hakina fidia. Mnyama akijeruhi hakuna fidia, kisima hakina fidia, mgodi hauna fidia. Mtu amechimba katika milki yake, mwingine ametumbukia. Utamdai kwa lipi? Msije mkajenga dai juu ya machozi.

#5 Mjomba wa Bondeni

Ahsante sana ustadh, na sikuipita kwa makusudi. Nilikuwa siijui. Nimekaa nayo siku mbili ndipo nikampelekea mwalimu wangu wa zamani, naye akanifungulia Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu cha sheria cha madhehebu ya Shafii, mlango wa diya, yaani fidia ya damu. Wewe ni mtu wa chuo, utapajua.

Kwanza, kisima kisicho na fidia ni kile mtu alichochimba katika milki yake au katika ardhi isiyo na mwenyewe bila kuvuka mpaka. Akichimba njiani wanapopita watu kwa namna ya kuwadhuru, analipa. Hilo halina mzozo mkubwa. Ila hoja yako ni milki yake. Sasa sikiliza sentensi ambayo mwalimu aliniwekea kidole: mtu akichimba kisima katika ukumbi wa kuingilia nyumba yake, akamwalika mtu, naye akatumbukia, kauli yenye nguvu ni kwamba analazimika kulipa. Ndani ya nyumba yake mwenyewe! Kwa sababu amemwita mtu apite mahali ambapo yeye anajua kuna shimo na mgeni hajui.

Imam Nawawi alifariki mwaka wa 676 Hijria. Hakuona ploti ya Kaptembwa. Lakini alimwona mwalikwa, na mpangaji ni zaidi ya mwalikwa, analipa kila tarehe tano. Na njia ya kwenda chooni hana nyingine.

Najua utasema wapangaji walijua kuna shimo. Watu wazima walijua. Mtoto wa miaka sita alijua nini kuhusu mbao iliyooza chini ya bati?

Nao Mahanafi, wenzetu wa madhehebu ya Abu Hanifa, wana mas'ala ya ukuta ulioinama. Ukuta wa mtu umeelekea njiani, watu wakamwendea wakamtaka aubomoe, akapata nafasi ya kuubomoa asifanye, kisha ukamwangukia mpita njia. Wanasema analipa, kwa kuwa aliambiwa na aliweza. Aliambiwa na aliweza. Nimeyarudia maneno hayo sijui mara ngapi.

#6 Mwanachuo Mumias

Nimelitazama hilo la ukumbi na nimelikuta kama ulivyosema. Barakallahu fik. Naondoa neno langu kuhusu machozi, unisamehe.

Ila tahadhari mbili. Kauli ya kitabuni ni jambo moja, na hukumu juu ya mtu fulani ni jambo lingine, inataka anayestahiki kuhukumu na ashuhudie pande zote mbili. Na mahakama ya kadhi hapa kwetu, kwa Ibara ya 170 ya Katiba, mipaka yake ni ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu binafsi. Diya haimo. Kwa hiyo ama ni sulhu, yaani mapatano, mbele ya wazee, ama ni sheria ya nchi. Na sheria ya nchi si haba. Sura ya 34 ya Sheria za Kenya inamtaka anayeshikilia mahali awe na hadhari kwa wanaoingia, na inasema ajiandae kwamba watoto hawana uangalifu wa watu wazima.

#7 Msema Kweli

Nyinyi mnazunguka tu. Kila mwaka mvua ikinyesha watu wanakufa, Ahero, Budalang'i, Mai Mahiu, na hakuna anayethubutu kusema ni adhabu. Ash-Shura aya ya 30: msiba wowote unaowapata ni kwa yale iliyochuma mikono yenu. Kaumu Nuhu walizamishwa kwa sababu gani? Familia zijitazame kwanza kabla ya kutafuta wa kumlaumu.

#8 Mjomba wa Bondeni

Ndugu, nimeandika jibu nikafuta, nikatawadha, nikaandika tena.

Aya ni haki. Lakini uliimalizia katikati. Mwisho wake: naye anasamehe mengi. Na wafasiri wamesema haiwahusu watoto na manabii kwa maana hiyo unayoitaka, kwa kuwa hao msiba huwapata bila dhambi. Ayyub alichuma nini? Ibrahim mwana wa Mtume alifariki akiwa bado ananyonya, alichuma nini? Siku aliyokufa jua lilipatwa, watu wakaanza kusema limepatwa kwa kifo chake. Mtume angeweza kunyamaza, uvumi ule ulikuwa unamtukuza mwanawe. Akasimama akasema jua na mwezi ni alama mbili za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake. Aliyekuwa anapokea wahyi, ufunuo wa Mungu, alikataa tukio la mbinguni lisomwe kama barua juu ya mtu mmoja. Sisi wahyi umekatika, tunaipata wapi ruhusa hiyo? Kaumu Nuhu tunajua ni adhabu kwa sababu Mungu alituambia. Mai Mahiu amekuambia nani?

Na kwa kuwa umeitaja Mai Mahiu, ni kaunti yetu hii, tukae hapo kidogo. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024. Nilikwenda na vijana wa msikiti kupeleka blanketi. Niliona lori limelala ubavu katikati ya shamba, na juu ya mti uliobaki kumening'inia nguo ya kanisani, imepigwa pasi, mikunjo bado inaonekana. Wizara ya Maji ilieleza kwamba kalvati iliyo chini ya tuta la reli ilizibwa na miti, mawe na udongo, maji yakajikusanya nyuma ya tuta kama bwawa mpaka tuta likashindwa. Miaka sita kabla, tarehe 9 Mei 2018, lilikuwa bwawa la Solai lililopasuka, watu 48 wakafa. Ukisoma "iliyochuma mikono yenu" mbele ya kalvati iliyoziba, unauliza mikono ya nani. Ar-Rum aya ya 41 inasema ufisadi umedhihiri bara na baharini kwa iliyotenda mikono ya watu. Haikusema mikono ya waliozama. Na Al-Anfal aya ya 25 inatuonya juu ya fitina ambayo haitawapata waliodhulumu peke yao. Ina maana anayeziba na anayezama wanaweza kuwa watu wawili tofauti. Mtume alitoa mfano wa merikebu: wa chini wanataka kutoboa tundu karibu na kwao wasiwasumbue wa juu, na wakiachwa wanazama wote. Maji hayaulizi nani alishika patasi.

Wewe umemwambia aliyezama ajitazame. Anayetoboa hujamwambia neno.

#9 Dereva wa Salgaa

Mimi si mwandishi, mtanivumilia. Niko njia ya Nakuru kwenda Malaba zaidi ya miaka ishirini, nabeba shehena. Sachangwan ya tarehe 31 Januari 2009, lile lori la mafuta lililoua watu zaidi ya 100, nilipita asubuhi yake na harufu haijanitoka.

Nimeingia kwenye uzi huu kwa sababu niliwahi kuua mtu. Miaka mingi imepita. Breki zilikuwa zinalegea, nilizisikia tangu Mau Summit, nikasema nitafika nazo. Alikuwa anavuka na baiskeli. Wenzangu wote waliniambia ni kadari, ajali haina kinga. Nikalishika neno hilo miezi minne na halikunishika. Nilikuwa nasikia mguu wangu unakanyaga breki hata nikiwa kitandani.

Imamu mmoja ndiye aliyenikalisha akanisomea An-Nisaa aya ya 92. Aliyemuua muumini kwa kukosea, sikiliza, kwa kukosea, hakukusudia, bado anatakiwa kumwacha huru mtumwa na kuwapa wenyewe diya, ila wakisamehe. Asiyepata wa kumwacha huru afunge miezi miwili mfululizo. Imamu akaniuliza: lau kadari ingekuwa inafuta, Mungu angekuwekea saumu ya nini? Nikafunga nikiwa barabarani, daku naila Burnt Forest, futari Bungoma. Kisha nikaenda kwa wenyewe. Nilisema breki nilizijua. Mjane alikaa kimya muda mrefu, akaniuliza kama mumewe alisema neno lolote. Nikamwambia alilosema. Diya wakasamehe nusu, nusu nililipa kwa miaka mitatu.

Kwa hiyo mjomba, mkimwendea huyo bwana, msifikiri mnamtesa. Mimi walioniambia ni kadari ndio walionifungia ndani.

#10 Jirani wa Section 58

Habari zenu. Mimi ni Mkristo, nafuata tu, na nampa pole mjomba na familia. Kwetu nasi neno ni hilohilo, "mapenzi ya Mungu", na nimelisikia kwenye mazishi ambapo aliyelisema ndiye aliyejenga ukuta. Katika Luka sura ya 13 Yesu anaulizia wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu: mwadhani walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu? Akajibu la, sivyo. Basi nimeona nililete hapa. Na afisa wa afya ya umma wa kaunti anaweza kuitwa kukagua shimo kama hilo, msimsahau.

#11 Hafsa wa Kibuye

Dereva, Mwenyezi Mungu akutakabalie.

Kaka, kwa yule mzee aliyewakataza, mpelekee kisa cha Sayyidna Umar. Alikuwa njiani kwenda Sham, akafika Sargh, akaambiwa kuna tauni. Akaamua kurudi. Abu Ubayda akamwambia: unaikimbia kadari ya Mungu? Umar akajibu: naam, tunaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Akampigia mfano wa bonde lenye pande mbili, upande una majani na upande mkavu, ukilisha ngamia wako kwenye majani umelisha kwa kadari ya Mungu, ukilisha kwenye ukavu ni kwa kadari ya Mungu. Na Abu Ubayda, mtu mkubwa vile, tauni ile ndiyo iliyomchukua. Hakuna aliyesema alikufa kwa imani haba, na hakuna aliyesema Umar alirudi kwa imani haba.

Mzee hakatai haki. Nahisi anaogopa vijana mtaingia kwa yule bwana na hasira. Mwombeni awatangulie yeye.

#12 Mjomba wa Bondeni

Natoa taarifa, kwa kuwa mmekuwa nasi.

Nilimpelekea mzee kisa cha Umar kama alivyosema Hafsa, na nikamsomea kisa cha dereva kwenye simu. Akaniomba nirudie pale pa mjane. Kisha akasema tumfuate baada ya swala ya Ijumaa, na yeye ndiye atakayezungumza, sisi tutie maji vinywani. Tukaenda watu wanne: mzee, shemeji, mimi na imamu wa mtaa.

Mzee hakutaja pesa. Alimwambia mwenye ploti, "Mwanangu, ulipokuja matangani ulituambia neno la kweli. Leo tumekuja utuambie lile lililobaki." Yule bwana akasema tena fundi alikuwa aje mwisho wa mwezi. Mzee akanyamaza. Tukanyamaza wote, chai ikapoa. Baadaye, akitazama meza, akasema, "Nilipigiwa mara mbili. Nilipiga hesabu ya saruji na nondo, nikaona elfu kumi na mbili ni nyingi kwa shimo." Akafunika uso kwa kofia yake. Shemeji alitoka nje, nikamkuta ameshika ukuta.

Habari ya diya imeachwa kwa dada na shemeji, na wao wamesema hawako tayari kusema wamesamehe wala hawajasamehe. Imamu amesema haki hiyo ni yao, wasiharakishwe. Dada alituma ombi moja tu kupitia kwa mzee: ploti zote tatu za yule bwana mashimo yafunikwe kwa zege kabla ya wiki kwisha, na yeye mwenyewe aende akayaone.

Jumatatu tulihesabu mashimo matano. Leo Alhamisi manne yamemwagwa zege, mifuniko ina vishikio vya chuma. La tano liko ploti ya nyuma karibu na reli, fundi anangoja lori la mchanga. Tumelaza juu yake fremu ya kitanda cha chuma na mabati mawili. Dada amebeba kiti cha plastiki kutoka nyumbani, yuko pale kando yake tangu baada ya Asri, na watoto wa ile ploti wakipita anawaelekeza wapite upande wa ukuta.